Jiko Langu Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Vijana wanaotaka kuanza triathloni huniuliza kwanza kuhusu viatu, kisha kuhusu baiskeli, na mwisho kabisa, wakiwa wameshasimama kuondoka, huniuliza wale nini. Nina shahada ya lishe. Ninaweza kueleza wanga unavyogeuka kuwa nguvu ya misuli, na kwa nini anayetoka jasho asinywe maji matupu peke yake. Lakini kila nikianza kueleza namwona shangazi yangu amesimama kwenye mlango wa jiko lake, mwiko mkononi, ananitazama nikipima mchele.

Triathloni ni michezo mitatu kwa mfululizo. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia. Niliingia katika mambo haya baada ya kumaliza chuo, nilipokuwa nimerudi nyumbani Bomani, mjini Tarime, katika chumba kilekile nilichosomea sekondari. Nilikuwa nimefanya usaili mara tatu na mara zote tatu sikuitwa tena. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linapoteza umbo lake. Nikiambiwa "tutakupigia", nilikaa siku nne nikikumbuka kama aliyesema hivyo alikuwa ananitazama mimi au anatazama meza. Kifua kilikuwa kinabana bila sababu. Nikaanza kukimbia asubuhi, kwa kuwa nikikimbia kifua kilipata sababu ya kubana.

Kisha nikaona tangazo la mashindano ya wanaoanza, Musoma, ziwani: mita mia saba na hamsini za kuogelea, kilomita ishirini za baiskeli, tano za kukimbia. Nilitafuta maelekezo kwenye simu nikapata jedwali la wiki kumi na mbili. Jumatatu pumzika. Jumanne ogelea. Jumatano endesha baiskeli na ukishuka tu kimbia dakika kumi, ili miguu izoee ule uzito wa mabadiliko. Nililichora jedwali hilo kwenye daftari kwa rula. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia Jumatano yangu itakuwaje.

Tatizo lilikuwa maji. Tarime ni milima na mashamba, na sisi tuliokulia huku mto Mara tunaujua kwa mamba wake. Sikujua kuogelea hata hatua mbili. Ila shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Nyambureti, ng'ambo ya mto, wilaya ya Serengeti, na karibu na kwake kuna lambo la kunyweshea ng'ombe, kubwa, lililo mbali na mto na lisilo na mamba. Nikaamua nitakuwa naenda kwake kwa baiskeli kila wiki, nalala siku mbili tatu, naogelea, narudi. Safari yenyewe ikawa zoezi la baiskeli.

Mwalimu nilimpata njiani. Kemambo, ambako nilikuwa napumzika kunywa maji, nilimkuta mchimbaji wa dhahabu mwenye asili ya Ukerewe, mtu wa kisiwani aliyekuja huku kutafuta maisha kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Alipinda mgongo kwa kicheko nilipomwambia kwamba najifunza kuogelea kwa kusoma. Siku iliyofuata alikuja Nyambureti na pikipiki yake, akavua shati, akaingia kwenye lambo kama mtu anayeingia chumbani kwake.

"Msomi, maji hayasomwi. Lala juu yake."

"Nimelala."

"Umelala kama mtu anayesubiri polisi. Legeza shingo."

"Nikilegeza shingo nazama."

"Uliyezama ni wewe, shingo haina kosa. Legeza!"

Ilinichukua wiki tatu kulegeza shingo. Siku hizi huwa nawaambia wanaoanza waanze hapo: usishindane na maji, toa pumzi ukiwa chini, geuza uso pembeni uvute, usinyanyue kichwa. Na mkiogelea kwenye malambo yetu, pimeni kichocho. Mimi nilipima mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya pili nesi wa zahanati aliniuliza kama sina kazi nyingine, na sikuwa nayo.

Sasa kuhusu chakula.

Iko kanuni moja ambayo kila mwongozo unaitaja: siku ya mashindano usijaribu chakula ambacho tumbo lako halijakizoea. Ni kanuni nzuri. Lakini kwa mtu wa aina yangu kanuni huwa haikai mahali ilipowekwa. Nikaona, kama siku ya mashindano ni hatari, basi na wiki ya mashindano ni hatari. Kisha, kwa usalama zaidi, nikaifanya iwe wiki zote kumi na mbili. Nikachagua vyakula vyangu: wali mweupe, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi mbivu, karanga, maji yenye chumvi kidogo na asali. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Na nilipoenda Nyambureti kwa mara ya kwanza nilifunga nyuma ya baiskeli jiko dogo la gesi na sufuria yangu.

Shangazi alikuwa amechinja jogoo.

Ananiita tata, ambalo kwa Kikurya ni baba, kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Alinipokea mkoba, akauliza habari za Bomani, akaniwekea kigoda. Ugali wa mtama na muhogo ulikuwa unatoa mvuke mezani. Nikamwambia, kwa heshima zote nilizonazo, "Shangazi, nisamehe. Niko kwenye programu. Nitapika mwenyewe."

"Utapika nini?"

"Wali."

"Wali ninao, tata. Nitakupikia."

"Hapana, huu naupima."

Akatoka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ghala, akasimama kunitazama nikiweka mchele kwenye mizani. Akacheka mpaka akajifuta macho na kitenge. "Mimi nilijua kinachopimwa hivyo ni dhahabu tu ya kule Kemambo. Haya, mura, pima. Usisahau kunipimia na mimi." Mura kwetu ni kijana wa kiume. Jogoo alimla na wajukuu zake. Nilijisikia vibaya kwa muda wa nusu saa, halafu nikaandika kwenye daftari: wali gramu mia mbili, mayai mawili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wiki saba. Nilikuwa nalala kwake, naoga maji aliyonichotea, na kila mlo nilikuwa najipikia nyuma ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye kwenda lamboni ananiona. Hata uji sikuugusa. Hata maji ya kunywa nilikuja nayo.

Katika wiki ya nane nilikuwa nimekaa ukingoni mwa lambo najikausha, mwalimu wangu bado yuko majini, mama mmoja akaja kunywesha ndama. Ni jirani wa shangazi, mashamba yao yanapakana. Nikamsalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mura. Bado unajipikia?"

"Ndiyo mama."

Akatazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Umefanya vizuri. Aliyesoma ni aliyesoma. Sisi wengine tulikuwa tunaona aibu."

Sikuelewa. Nikamuuliza aibu ya nini.

"Basi, usiseme kitu. Mimi sijasema kitu. Lakini ukiona mtoto wa kaka yake mwenyewe hali chakula kwake, unajua kwamba hata ukoo wanajua." Akampiga ndama kwa fimbo, akaondoka.

Nilibaki nimekaa na taulo mabegani. Mwalimu wangu akatoka majini, akaniuliza kama nimeona nyoka.

Miaka miwili kabla ya hapo, shemeji yake shangazi, mdogo wa marehemu mume wake, alikula kwake siku ya Jumapili na Jumanne akafariki. Alikuwa mgonjwa wa presha na sukari, na dawa alikuwa ameziacha. Haya yalijulikana. Nilikuwepo msibani na sikusikia mtu akisema neno juu ya chakula kile wala uchawi. Nilifikiri yameisha. Kumbe yalikuwa yamekaa tu, yanasubiri mtu wa kuyathibitisha, na nikaja mimi na mizani.

Ningekuwa mtu mwingine ningeingia ndani mchana uleule nikale ugali mbele ya dunia nzima. Mimi nilianza kufikiri. Nikianza kula ghafla, si watasema nimeonywa ninyamaze? Nikiacha kuja, si watasema nimekimbia? Siku mbili baadaye nilimfuata yule mama nyumbani kwake nikamweleza kwa utaratibu. Nilimwambia kuhusu wanga. Nilimwambia kwamba vyakula vyenye makapi mengi, kama maharage na mboga za majani, havifai karibu na mashindano kwa sababu tumbo linachelewa kuvisaga. Nilimwambia kwamba siogopi chakula cha shangazi hata kidogo, ni kanuni za michezo tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa huruma. "Ndiyo, mura. Sema hivyohivyo. Ukiulizwa, sema hivyohivyo."

Huku kwetu kulimiana kwa zamu tunakuita risaga. Leo mnalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mwenye shamba kazi yake ni kupika. Malipo mengine hakuna. Mtu akilima halafu akakataa kula, hajamsaidia mwenye shamba, amemtukana. Shangazi tangu afiwe na mume amekuwa akitegemea risaga kulima ekari zake, na yeye hajawahi kukosa zamu ya mwenzake hata akiwa anaumwa mgongo. Zamu yake ilikuwa imekaribia: siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, mvua zikiwa mlangoni.

Wiki moja kabla, nikiwa Bomani, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mno.

"Tata, kuna jambo nataka kukuuliza wewe uliyesoma. Kikundi kimeleta ujumbe. Wanasema watakuja kulima, ila nisijisumbue kupika. Kila mtu atakuja na chakula chake. Wamesema, kama anavyofanya kijana wako. Je, ndivyo wanavyofanya siku hizi mjini?"

Nilisema, "Hapana, shangazi."

"Basi nimeelewa," akasema, akakata.

Alikuwa ameelewa muda mrefu, nadhani. Alikuwa anasubiri kuona kama nami nimeelewa. Kikundi kikishaacha kula kwa mtu, baada ya muda kinaacha kumlimia. Mtu asiyelimiwa anazungumzwa kwenye vikao asivyoitwa. Hatua zinazofuata kila mtu wa kanda hii anazijua na hakuna anayependa kuzitaja. Shangazi ni mjane, ana umri mkubwa, na nyumba yake iko peke yake juu ya kilima.

Mashindano yalikuwa Jumamosi ileile. Nikatazama daftari. Ijumaa: pumzika kabisa, miguu juu, wali na ndizi, lala Musoma mapema. Mwalimu wangu nilipomweleza alijikuna kichwa kwa muda.

"Ukilima Ijumaa, Jumamosi miguu itakuwa mbao."

"Najua."

"Na hilo tumbo ulilolilea kama mtoto wa kizungu, ukilipa mboga ya mgagani na maziwa ya mgando siku moja kabla..."

"Najua. Mimi ndiye mtu wa lishe."

"Basi achana na ziwa. Ulime, ule, ulale hukohuko."

Ndivyo nilivyokuwa nimeamua, kwa kweli. Nilitoa jina langu moyoni. Nikatuma baiskeli Musoma kwa basi ili tu nisionekane mwoga mbele yake, lakini sikuwa na nia ya kuifuata.

Ijumaa tulikuwa kumi na wanne shambani kabla jua halijapanda. Nililima mstari wangu kati ya yule mama jirani na mzee mmoja mwenye jembe la mpini mfupi. Jembe haliko kwenye jedwali lolote la triathloni, na linapaswa kuwepo: kufikia saa nne nilikuwa nasikia misuli ambayo kuogelea hakujawahi kuigusa. Yule mzee alikuwa ananitania kila akinipita.

"Msomi, hilo ni jembe, si kalamu! Lishike chini!"

"Nalishika, babu."

"Unalibembeleza."

Saa sita tukaenda nyumbani kwa shangazi kunawa. Pembeni ya ukuta vilikuwa vimepangwa vyombo vya watu, hotipoti na mabakuli yaliyofungwa kwa vitambaa, saba au nane. Shangazi alikuwa amepika kana kwamba hakuletewa ujumbe wowote. Ugali wa mtama, maharage, mgagani uliopikwa kwa maziwa, nyama ya mbuzi, kibuyu cha maziwa ya mgando. Akaviweka katikati. Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wanajifuta mikono iliyokwisha kukauka.

Nilisimama nikachukua sahani. Kabla sijajipakulia shangazi alininyang'anya mkononi, si kwa hasira, akaweka ugali, akaweka mboga, akaweka nyama, kisha akakata tonge kutoka kwenye sahani hiyohiyo, akachovya, akala mbele yetu sote. Akanywa funda la maziwa. Ndipo akanipa.

Mgeni asiyejulikana ndiye anayeonjewa hivyo. Mtu anayeleta pombe kwa watu wa kijiji kingine ndiye anayeonja kwanza. Mtoto wa kaka yako, uliyemtafunia chakula akiwa hana meno, humwonjei. Nilipokea sahani na sikuweza kumtazama.

Nilikula nikiwa nimesimama, katikati ya ua. Nilikula yote, nikaomba tena. Kinywa kilikuwa kimesahau uchungu wa mgagani. Nikanywa maziwa vikombe viwili. Yule mzee wa jembe fupi akanitazama nikimaliza, akasema, "Mimi njaa haina subira," akasogea, akala. Wengine watatu wakamfuata. Waliobaki wakafungua hotipoti zao kimyakimya, wakala wakitazama chini.

Mama jirani hakula hata chake. Alinisogelea nikinawa.

"Kesho si ndiyo unaogelea?"

"Kesho ni mashindano, lakini..."

"Basi kesho tutaona," akasema, na akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Kesho tunamalizia lile shamba la juu. Akiogelea akamaliza salama, mimi mwenyewe nitakula hapa. Mbele yenu."

Watu wakaguna kukubali. Lilikuwa pendekezo la haki, kwa namna yake. Shangazi alikuwa anakusanya vyombo na hakugeuka. Lakini mikono yake ilisimama.

Kwa hiyo nikaenda Musoma. Mwalimu wangu alinipeleka kwa pikipiki alasiri ileile, na njia nzima nilikuwa nasikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza mlango. Lilikuwa linanguruma. Nilijua kwa nini: wiki kumi na moja za wali mweupe, kisha ndani ya nusu saa makapi, mafuta na maziwa yaliyochacha. Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye angeshindwa kulieleza. Lakini maelezo hayo yalikuwa kichwani mwangu, na Nyambureti watu walikuwa wanasubiri tumbo lenyewe.

Asubuhi tulikuwa arobaini hivi ufukweni. Nilikuwa nimekunywa chai ya sukari na nusu ya ndizi. Niliogelea vizuri kuliko nilivyotarajia. Mikono ilikuwa inauma kwa jembe lakini shingo ilikuwa imelegea, na kwa dakika kadhaa sikuwaza chochote, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mawimbi yalininywesha maji mara mbili. Nilitoka nikiwa katikati ya kundi. Kwenye baiskeli, kilomita kumi za kwanza zilikuwa njema. Kisha njia ikaanza kupanda, na kitu kikajikunja chini ya mbavu.

Nikajaribu kunywa kidogokidogo, kama ninavyofundisha. Kikapanda. Nilifika mahali pa kushukia baiskeli, nikaitundika, nikapiga hatua tano kuelekea barabara ya kukimbilia, nikashika nguzo ya uzio, nikatapika.

Nilipoinua macho niliona simu mbili zimeelekezwa kwangu. Sikuwaza aibu. Nilikuwa nawaza video ile ikisafiri kutoka simu hadi simu mpaka juu ya kilima, kabla ya saa sita.

Dada mmoja wa huduma ya kwanza akaja na chupa ya maji. "Kaka, inatosha. Kaa kwenye gari upumzike."

"Sijamaliza."

"Umetapika."

"Ni maji ya ziwa."

Mwalimu wangu alikuwa amevuka kamba, amesimama upande wa pili wa nguzo na buti zake za mgodini. Akasogeza udongo kwa mguu, akafukia nilichokitoa, anafukia polepole na anatazama kwingine. "Maji ya ziwa hayana mgagani, msomi," akasema kwa sauti ya chini. Kisha, kwa sauti kubwa kwa wale wa simu, "Haya, mnarekodi nini? Hamjawahi kuona mtu kameza wimbi? Futeni!"

Kwa mtu yeyote anayeanza ninasema hivi, na ninalisema kwa dhati: ukitapika na kuona kizunguzungu, simama. Kaa kivulini, kunywa maji yenye chumvi na sukari funda kwa funda, mashindano yatakuwepo mwakani. Usifanye nilichofanya. Nilikimbia. Nilipofika kilomita ya pili nilitapika tena, safari hii maji tu, bila kusimama, kichwa pembeni kama anayevuta pumzi majini. Kilomita ya tatu nilitembea. Mtu mwenye umri wa baba yangu alinipita, kisha mama mmoja aliyevaa raba za kawaida. Nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Nilikuwa namwona shangazi anakata lile tonge.

Nilimaliza nikiwa wa tatu kutoka mwisho. Nikakaa kando ya gari la mtu, kwenye kivuli, kichwa katikati ya magoti, nikampigia shangazi. Ilikuwa inakaribia saa sita.

Aliyepokea si yeye. Alikuwa mama jirani.

"Mura?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeogelea?"

"Nimeogelea."

"Umemaliza vyote?"

"Nimemaliza vyote."

"Uko mzima?"

Nilikuwa natetemeka miguu na mikono, midomo imekauka. "Mzima kabisa mama."

Nikasikia simu ikihama mkono, nyayo, kuku, mlango. Kisha pumzi ya shangazi, karibu sana na kipaza sauti, na sauti ambayo ilikuwa kwa ajili yangu peke yangu.

"Tata. Ulitapika?"

"Hapana, shangazi."

"Usinidanganye mimi."

Nikafunga macho. "Mara mbili," nikasema. "Ni kwa sababu tumbo lilikuwa halijazoea, shangazi, na jembe, na maji, siyo..."

"Najua siyo," akasema.

Akanyamaza. Sijui alikuwa anafikiria nini katika ule ukimya. Nimeufikiria mara nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kulifikiria, na bado sijui. Kisha akatoa simu mdomoni, na nikamsikia akipaza sauti kuelekea uani, sauti ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baada.

"Anasema hata kutapika hakutapika! Anasema ana njaa!"

Kelele za watu zikapanda nyuma yake. Mtu alipiga kigelegele. Nikasikia vyombo vikigongana, kisha sauti ya mwanamke, sikuweza kutambua ni ya nani, ikiomba sahani.